Vichuguu Arobaini na Kimoja vya Kamwenze

Kwa miaka kumi na tisa Kisimba hakuua kenge hata mmoja, na aliyemwapisha alikuwa mtoto wake mwenyewe.

Kabla ya hapo kenge ndio walikuwa kazi yake. Aliishi Kamwenze, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Nzilo, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka Kolwezi, pale ambapo kijito kidogo kinaingia ziwani katikati ya matete. Wenzake walitega samaki. Yeye alitega samaki na kenge, kwa sababu ngozi ya kenge mkubwa hufaa sana kuwamba ngoma, na mafundi wa ngoma walikuja kuzichukua kwake kutoka Sandoa na hata Musumba. Alijua mawe ambayo kenge huotea jua asubuhi, mashimo yao ya ukingoni, na jinsi wanavyojitupa majini wakisikia kasia, kwa kishindo kama cha gunia la mahindi lililoanguka. Wengine walikuwa warefu kuliko yeye akiwa amelala chini.

Mke wake, Jeanne, alifariki mtoto wao akiwa na miaka mitano. Hapakuwa na mtu wa kumwachia, hivyo Kisimba akawa anampakia kwenye mtumbwi kila alikokwenda. Jémima alikaa mbele, miguu ameikunja, akinyoosha kidole kila alipoona kichwa cha kenge kikikata maji.

Alipokuwa na miaka saba, mwezi wa kumi na moja, siku chache baada ya mvua ya kwanza, Kisimba alifuata alama za jike mmoja mpaka kwenye kichuguu kirefu cha mchwa. Jike alikuwa ameingia nusu mwili ndani, anachimba, mkia uko nje. Kisimba alimpiga hapohapo. Alipomvuta, mayai yalimfuata, meupe, laini kama ngozi, yakabingirika kwenye matope. Mtoto hakupiga kelele. Aliyaokota moja moja, akayaweka kwenye gauni lake, akayarudisha ndani ya shimo, kisha akaanza kuliziba kwa viganja vyake.

Alikataa kula siku mbili. Siku ya tatu alikuja kusimama mbele ya baba yake aliyekuwa anashona wavu.

"Tata, apa."

"Niape nini?"

"Apa kwa jina ya mama. Hautaua tena kenge. Na hautafungua tena nyumba ya batoto yake."

Kisimba aliapa. Alidhani itapita, mambo ya watoto. Haikupita. Mwaka ambao samaki waliadimika na watu wa Kamwenze wakawa wanakula bukari, ugali wao, kwa majani matupu, fundi mmoja wa ngoma alikuja kutoka Musumba kwa safari ya siku nne, akamsihi ampatie ngozi mbili tu. Kisimba alimpa maji ya kunywa na mahali pa kulala, akamrudisha mikono mitupu.

Badala ya kuwinda, wakawa wanatazama. Mwaka hadi mwaka, baba na mtoto waliona yale ambayo Kisimba, kwa ujuzi wake wote wa kutega, hakuwahi kuyafikiria. Jike huchimba kichuguu wakati mvua imelainisha udongo, hutaga, kisha huondoka. Hakai kulinda. Mchwa ndio wanaorudi kufunga tundu kwa udongo mpya, wakidhani wanatengeneza nyumba yao tu, na mayai yanabaki ndani, kwenye joto lao, kiangazi chote. Mvua ya mwaka unaofuata ikiloweka ukuta, watoto hutoka, weusi wenye madoa ya manjano, wembamba kama kidole, na kukimbilia majini bila kumjua mama wala baba. Katika bonde lote la kile kijito, kutoka kwenye matete mpaka kwenye mawe ya juu, vichuguu vilivyokuwa vinatumika hivyo Kisimba alivijua kimoja kimoja. Hakuna mwingine aliyevijua isipokuwa Jémima.

Kwa hiyo hakushangaa binti yake alipokwenda Lubumbashi kusomea wanyama. Hakushangaa pia alipopata kazi katika ofisi moja ya mjini inayofanya uchunguzi wa mazingira kabla ya makampuni kujenga. Aliwaambia watu wote wa Kamwenze. Jirani yake, mama Adolphine, mjane aliyekuwa anakausha samaki kwa moshi, aliisikia habari hiyo mara nyingi hata akawa anamalizia sentensi.

Mwezi wa tano, mvua zikiwa zimeisha, gari jeupe liliingia kijijini. Jémima alishuka, amevaa buti na kofia ngumu, na nyuma yake mkuu wake wa kazi, bwana mmoja mpole, mwenye kutabasamu, aitwaye Samy. Jémima alimkumbatia baba yake mbele ya watu, kisha wakaketi, akaeleza. Kampuni moja ya shaba ilitaka kujenga bwawa la kumwaga tope la kiwanda. Ilikuwa imechagua mabonde matatu, na la Kamwenze ni mojawapo.

"Kama kuna nyama ya pori yenye inazaa humu, ni lazima baandike," Jémima alisema. "Wakiandika, kampuni itatafuta fasi ingine. Hiyo njo kazi yetu, tata. Unionyeshe yote."

"Yote?"

"Yote. Ata ile ya ng'ambo, yenye tulikuwa tunaficha."

Kisimba aliwatembeza siku tatu. Kwenye kila kichuguu alionyesha alama: mikwaruzo ya kucha, kiraka cha udongo mwepesi ambao mchwa walizibia, na pembeni tundu la mwaka jana lenye vipande vya maganda vilivyokauka. Jémima alipiga picha, akafunga utepe mwekundu kwenye kijiti, akaandika namba daftarini. Siku ya pili Samy aliuliza kama wanaweza kufungua kimoja ili waone mayai yenyewe.

"Hapana," Jémima alisema upesi. "Ukifungua wakati wa kiangazi, jua inaingia, batoto banakufa. Tata yangu hafungue."

Kisimba alisikia hayo, akageuka kutazama matete ili wasimwone uso. Vichuguu vilifika arobaini na kimoja. Jioni ya siku ya tatu aliwapikia samaki, na Samy akamwambia, "Tata, ungekuwa na diplome, ungekuwa mukubwa yangu." Walicheka wote.

Mkutano wa wananchi uliitishwa mwezi wa nane, katika ukumbi wa parokia. Viti vya plastiki viliwekwa mbele kwa wageni. Wengine waliketi kwenye mabenchi, na vijana wachimbaji wa madini, waliokuwa wamesikia kwamba kutakuwa na ajira, walijaa mlangoni na madirishani. Kisimba alifika mapema, amevaa shati lake jeupe la kanisani, akaketi benchi la pili na mama Adolphine. Jémima alikuwa mbele kabisa, karibu na Samy. Alimpungia baba yake mkono kidogo, bila kusimama.

Samy alisoma ripoti kwa Kiswahili, taratibu, ukurasa baada ya ukurasa. Vumbi, maji, barabara, makaburi. Kisha akafika kwa wanyama.

"Kuhusu kenge ya maji. Wataalamu bametembea bonde yote siku tatu. Kenge banapita humu kutafuta chakula. Hakuna fasi ya kuzalia yenye ilihakikishwa. Kwa hiyo bonde hii njo bora kuliko zile mbili. Sehemu hii iliandikwa na kusainiwa na mademoiselle Jémima Kisimba, muzaliwa wa hapa hapa Kamwenze."

Watu walipiga makofi kwa sababu ya jina la mtoto wao.

Kisimba alidhani wamechanganya karatasi. Hilo ndilo lililomjia kwanza, kwamba mtu wa mashine ya kuchapa amekosea, ameweka ripoti ya bonde jingine. Akasimama.

"Samahani. Hapo mumekosea. Ni arobaini na moja. Mi njo niliwapeleka. Samy, ulikuwa na mimi. Ulitia kidole yako ndani ya tundu."

"Tata, tunakuheshimu sana," Samy alisema, "lakini rapport inaandikwa na specialist. Na specialist ni mutoto yako mwenyewe. Muulize yeye."

Ukumbi ukacheka, si kwa ubaya. Kisimba naye alitabasamu, akamgeukia binti yake akiwa na hakika kwamba sasa mambo yatanyooka.

"Jémima, waambie."

Jémima alishika karatasi zake kwa mikono miwili. Alipozungumza, alizungumza na karatasi.

"Tuliona bichuguu, tata. Ni kweli. Lakini mayai hatukuiona. Hatukufungua ata kichuguu moja. Bila kuona mayai, sayansi haiwezi kusema kama ni fasi ya kuzalia."

Kijana mmoja dirishani akapaza sauti, "Mzee, tunataka kazi, hatutaki kenge!" Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa.

Kisimba alibaki amesimama. Mama Adolphine alimvuta shati, hakusikia. Alikuwa anaona tena ile asubuhi ya mwezi wa tano, sauti ya upesi ya mtoto wake ikisema tata yangu hafungue, na sasa alielewa kwamba hata kama siku ile ilisemwa kwa moyo, baadaye ilichukuliwa, ikasafishwa, ikawekwa kazini dhidi yake. Angekuwa amedanganywa na mtu wa mbali, angejua la kufanya. Angetukana, angepiga meza. Alitoka nje, akapita katikati ya vijana, nao wakampisha.

Jémima alimkuta kwenye kivuli cha ukuta wa parokia. Kofia ngumu alikuwa ameiacha ndani.

"Tata, usikasirike. Nisikilize kwanza."

"Niko nasikiliza."

"Niliandika vizuri. Arobaini na moja, na picha, na yote. Wakairudisha. Wakasema, badilisha ao tutampa mutu mwingine abadilishe, na weye ukae nyumbani. Ingeandikwa tu, tata. Na mimi ao bila mimi."

"Basi ungeacha yule mwingine aandike."

"Na mimi ningeenda wapi?"

"Ungekuja hapa."

Jémima alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kuja hapa kufanya nini? Kukausha samaki? Tata, ni kenge. Dunia yote iko na kenge. Banajua kuogelea, bataenda fasi ingine."

"Mayai inajua kuogelea?"

Jémima aligeuka kutazama mlango wa ukumbi.

"Daftari iko wapi?" Kisimba aliuliza. "Ile yenye namba."

"Ni ya ofisi. Niliirudisha."

"Sasa wanajua fasi yote."

"Ndiyo."

"Ata ile ya ng'ambo."

"Tata, tafazali."

Kisimba alijitenga na ukuta. Kisha akamwambia, kwa adabu ambayo hajawahi kuitumia kwake, "Rudi ndani, madame. Bakubwa banakungojea." Akashika njia ya ziwani.

Mama Adolphine hakuwa mtu wa kulalamika bila kufanya kitu. Kesho yake asubuhi alikuja na karatasi aliyoibandua kwenye mlango wa parokia. Ilisema kwamba mwananchi yeyote mwenye pingamizi ana siku kumi na tano za kulipeleka kwa maandishi, pamoja na ushahidi.

"Mi niko najua kuandika," alisema. "Na simu yangu inapiga picha. Wanasema hawakuona mayai. Basi tuwaonyeshe mayai."

Kisimba alikaa na neno hilo siku nne. Hakwenda ziwani. Siku ya tano alichukua jembe na sururu, wakaenda wote wawili mpaka kwenye kichuguu namba kumi na saba, ambacho kilikuwa karibu na njia na ambacho jike mkubwa alikuwa amekitumia kwa miaka sita. Utepe mwekundu ulikuwa bado umefungwa.

Udongo wa mwezi wa nane ulikuwa mgumu kama tofali lililochomwa. Jembe lilirukaruka mikononi mwake. Alipofika kwenye ule ukuta mwembamba wa ndani, aliweka sururu chini akaendelea kwa vidole, mchwa wakimuuma mpaka kwenye kiwiko, na mama Adolphine akasikia kwamba mzee anazungumza peke yake. Alikuwa anamwomba Jeanne msamaha.

Mayai yalikuwa thelathini na manne. Mama Adolphine alipiga picha kutoka kila upande, akaweka sahani yake karibu nayo ili ukubwa uonekane. Yai moja lilikuwa limepasuliwa na sururu. Ndani yake kulikuwa na kenge mzima, amejikunja, na madoa yake ya manjano tayari mgongoni. Hilo nalo mama Adolphine alilipiga picha.

Kisimba aliziba tundu kwa matope, akafunika kwa majani mabichi, akayamwagia maji ya kijito kila siku wiki nzima. Mchwa hawakurudi. Siku ya tisa alisikia harufu, akajua.

Barua waliipeleka wenyewe Kolwezi, kwenye ofisi iliyotajwa katika tangazo. Mwanamke wa mapokezi aliigonga muhuri, akawapa nakala, na mama Adolphine alitoka akiwa amejaa matumaini hata akanunua munkoyo wakanywa njiani. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kwa heshima kubwa. Liliwashukuru kwa ushirikiano wao. Lilisema kwamba wataalamu wamekubali ushahidi wa mahali pamoja pa kuzalia, na kwamba mahali hapo patawekewa uzio, pasiguswe.

Na kweli walikuja. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi mafundi walizungushia waya kichuguu namba kumi na saba, wakapigilia kibao chenye picha ya kenge. Walifanya kazi nzuri, nguzo za chuma na saruji chini. Wiki iliyofuata katapila mbili zilishuka bondeni kutoka juu, na kwa siku mbili zikasawazisha vile vingine arobaini. Dereva mmoja, kijana mstaarabu, alisimamisha mashine alipomwona Kisimba ameketi kwenye jiwe, akamuuliza kama kuna tatizo.

"Hapana," Kisimba alimjibu. "Fanya kazi yako."

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi na moja. Kisimba alijiambia hatakwenda, akaenda. Majike walikuwa wamepanda kutoka ziwani kama kila mwaka. Alihesabu tisa asubuhi ile, wakitembea juu ya udongo mwekundu uliosawazishwa, wazito, matumbo yakiburuta, wakitoa ulimi na kuurudisha, wanasimama, wanazunguka, wanaanza kuchimba mahali ambapo hapakuwa na kitu, wanaacha, wanaendelea mbele. Mmoja alizunguka waya wa kile kichuguu chenye kibao mara nyingi, akisukuma kwa pua. Jua lilipopanda wote walirudi majini.

Mwezi uleule Kisimba alifunga vyombo vyake. Mtumbwi alimpa mama Adolphine, akachukua treni kwenda Lubudi kwa dada yake, mwenye shamba la muhogo na mahindi karibu na mto. Dada alimpokea bila maswali. Alikuwa amesikia.

Jémima alimpigia simu Noeli, kisha Pasaka, kisha karibu kila Jumapili. Kisimba hakukataa kupokea. Aliuliza afya yake, aliuliza kama amekula, alimwambia kwamba shangazi yake anamsalimia. Safari moja Jémima alilia, akasema ameacha ile ofisi, kwamba sasa anafundisha sekondari, kwamba usingizi hapati. Kisimba alimsikiliza mpaka mwisho na kumwambia kufundisha ni kazi nzuri. Maneno yalikuwa ya kweli na alimtakia mema. Lakini alipotafuta ndani yake lile jambo ambalo zamani lingemfanya apande treni siku hiyohiyo kwenda kumshika mkono, hakulipata, na kutolipata huko ndiko kulikomuumiza kuliko bonde.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, asubuhi alipokwenda kuchota maji, alikuwa ameona kwenye ukingo wa mto mikwaruzo ya kucha, mipya, na mstari wa mkia katikati. Aliufuata mpaka kwenye vichuguu vitatu nyuma ya shamba la mtu. Mchana simu ililia.

"Tata, huko Lubudi umeshaona kenge?" Jémima aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya woga na furaha pamoja, kama mtu anayegonga mlango.

Kisimba aliiweka simu vizuri sikioni. Dada yake alikuwa uani anamenya muhogo.

"Mwaka huu mahindi yametoka vizuri," alisema. "Tulivuna mbele ya panya kuyala. Na muhogo pia, wa kutosha."

"Ni vizuri, tata," Jémima alisema.

"Ndiyo. Ni vizuri."

Wakaagana, na Kisimba akaenda uani kumsaidia dada yake kumenya.